Maji Yakishapwa: Kuokoa Matari, Misahafu na Amana za Nyumbani
Mafunzo ya mafuriko kutoka Embu na Meru kwa aila za Pwani



Ndugu wasomaji, sisi watu wa Pwani tumezoea kuitazama Embu na Meru kama nchi ya mbali: nchi ya baridi, ya majani chai, ya kahawa na ya miraa. Lakini mto hauijui mipaka yetu. Mto Rupingazi hupita karibu na mji wa Embu, ukaungana na Thiba. Mto Kathita hupita Meru, ukateremka hadi nyanda za Tharaka. Yote miwili, pamoja na mingine mingi iteremkayo Mlima Kenya, huishia katika Tana. Na Tana ndiyo hiyo ipitayo Garissa, Hola na Garsen, ikamwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Mvua inyeshayo leo juu ya misitu ya mlima, baada ya siku kadhaa huwa ni maji ya mlangoni kwa ndugu zetu wa Tana River.

Baina ya mlima na bahari yako mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masika ya mwaka 2024 Bwawa la Masinga, kubwa kuliko yote, lilijaa likafurika, na maji yakashuka kwa wale ambao tayari walikuwa wamezungukwa na maji. Nchi nzima ilipoteza karibu watu 300 katika mafuriko ya masika hayo, na zaidi ya watu robo milioni walihama makwao. Miezi michache kabla yake, katika vuli ya 2023, El Nino ilikuwa imekwisha kututikisa, na wazee wetu bado wanaisimulia ile ya 1997. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo ni katika mashahidi, na hiyo ni liwazo kubwa kwa wafiwa.

Makala haya hatukuyaandika kuhusu mto wenyewe. Tumeyaandika kuhusu msiba wa pili, ule unaoanza pale maji yanapokwisha kupwa na wapiga picha wamekwisha kwenda zao. Mama wa nyumba amesimama mlangoni; ndani kuna tope hadi magotini; na katika tope hilo mna msahafu wa marehemu baba, cheti cha ndoa, kofia ya vito iliyoshonwa miezi minne, na matari yaliyopigwa katika kila harusi ya ukoo ule. Kipi kiokolewe? Kipi kitupwe? Na kwa njia gani? Haya ndiyo tuliyokwenda kuyatazama bara, na haya ndiyo tuliyorudi nayo.

NYUMBA ZA MTEREMKONI

Miji ya Embu na Meru imejengwa juu ya miteremko. Mbele nyumba hutazamana na barabara, na nyuma yake ardhi hushuka. Kwa hivyo majengo mengi yana chumba cha chini, ambacho sakafu yake iko chini ya barabara. Chumba hicho hakina mpangaji wala mgeni. Ndicho stoo. Mikeka ya Idi, masufuria ya shughuli, vitabu vya chuoni vilivyochakaa, mabusati, na matari yanayongojea Mfunguo Sita, vyote huwekwa huko.

Mtaro wa barabarani ukiziba, maji hayana pengine pa kwenda ila katika chumba hicho. Nayo si maji ya mvua matupu. Huteremka na udongo mwekundu wa mlimani, udongo mzuri kwa mkulima wa kahawa na mbaya kwa mwenye nguo nyeupe. Na mara nyingi huwa yamechanganyika na ya vyoo.

Huko bara wako Waislamu wa tangu zamani: wazao wa wasafiri wa Pwani, Wanubi, Wasomali, na Wameru na Waembu wenyewe waliosilimu. Maulidi wanasoma, na matari wanapiga kama tupigavyo sisi. Tulikaribishwa Embu katika aila moja ambayo ilikuwa na matari sita, urithi wa babu aliyekuja kutoka Pwani na biashara yake. Maji yaliingia usiku, yakatoka mchana wa pili. Matari yote sita yalikutwa yakielea, ngozi zimelegea kama kitambaa.

Siku hiyo hiyo ikazuka hitilafu ndani ya nyumba. Harusi ilikuwa imebaki siku tisa. Vijana wakasema matari yakanzwe jikoni, kama yanavyokanzwa kila siku kabla ya kupigwa. Bibi wa nyumba akakataa: ngozi iliyopata umande na ngozi iliyolala majini, akasema, si ngozi moja. Vijana wakachukua mawili, wakayaweka karibu na makaa. Bibi akayachukua manne, akayaosha, akayatundika barazani mahali pasipofika jua. Yale mawili yalikauka kwa saa chache, na kabla ya alfajiri ngozi zake zilikuwa zimepasuka, na fremu ya moja imepinda. Yale manne yalichukua siku sita kukauka. Ndiyo yaliyopigwa harusini.

Tuliuliza bibi yule alijifunza wapi. Akajibu kwamba babu hakuwahi kumfunza kitu. Yeye alikuwa akimtazama tu.

UHAI KWANZA, MALI BAADAYE

Kabla ya kuzungumzia ngozi na karatasi, tuseme lililo kubwa. Wanavyuoni wamezihesabu amana tano ambazo sheria imekuja kuzilinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mali imo, wala haidharauliwi. Lakini nafsi iko mbele yake. Hakuna tari wala kitabu kinachostahili mtu ashuke katika chumba chenye maji hali umeme ungali unawaka. Umeme uzimwe kwanza penye swichi kuu, na ikiwa swichi kuu yenyewe iko ndani ya maji, asiiguse mtu. Aitwe fundi au watu wa kampuni ya umeme. Ukuta uliolowa usiegemewe. Watoto wasiingie. Na anayeingia avae viatu vigumu na glavu, kwa sababu ndani ya tope mna vioo, misumari na uchafu wenye maradhi. Kipindupindu hufuata mafuriko kama kivuli kimfuatavyo mtu.

Kisha, kabla ya kugusa chochote, pigeni picha kwa simu: chumba kizima, kisha kila kitu kilivyo. Picha hizo ni ushahidi kwa bima kwa mwenye bima, kwa kamati ya msaada, na kwa ndugu wanaomiliki urithi kwa pamoja, asije mmoja wao akadhani kitu kimefichwa.

Jambo la tatu ni wakati. Ukungu hauchelewi. Katika joto la kawaida la nyumba huanza kuota baina ya siku moja na mbili. Kwa hivyo saa 48 za mwanzo ndizo zinazoamua kwa kiasi kikubwa kipi kitapona. Anzeni na vile visivyopatikana tena. Sufuria litangoja, na sufuria hununuliwa. Msahafu ulioandikwa kwa mkono haungoji.

NGOZI, MTI NA SHABA

Tari limeundwa kwa vitu vitatu, na kila kimoja kina tabia yake majini. Ngozi, ambayo aghlabu ni ya mbuzi, ikilowa hulegea na kutanuka, na ikikauka hujikaza. Ikikaushwa upesi hujikaza kwa nguvu kuliko iwezavyo kustahimili, na ama hupasuka yenyewe, ama huipinda fremu. Mti ukilowa hufura, na ukikauka upande mmoja kabla ya mwingine hupinda. Visahani vya shaba havidhuriki upesi, ila hushika kutu ya kijani vikiachwa na unyevu.

Basi njia ni hii. Tope lioshwe lingali bichi, kwa maji safi yanayomiminwa polepole, kwa sababu tope likikauka huwa kama saruji, na kulikwangua ni kuichana ngozi. Baadaye maji yafyonzwe kwa kitambaa cha pamba kwa kugusagusa, kusugua hapana. Tari litundikwe au lisimamishwe juu ya vijiti, hewa ipite pande zote mbili, kivulini, mbali na jiko na mbali na jua. Kipepeo cha umeme kinafaa, nacho kielekezwe ukutani ili kizungushe hewa ya chumba, kisilipige tari moja kwa moja. Kila asubuhi na jioni ligeuzwe. Visahani vipanguswe kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu.

Huko Embu na Meru kazi hii ni ngumu kuliko kwetu. Baada ya masika huingia miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ambayo mawingu huukumbatia mlima na jua huonekana kwa nadra. Kwetu tuna upepo wa kusi, lakini tuna na chumvi. Aliyeingiliwa na maji ya bahari asidhani amekauka kabla ya kuisuuza chumvi kwa maji baridi, maana chumvi huvuta unyevu daima na hula shaba.

Ikiwa ngozi imekwisha kuoza, inateleza mkononi na kunuka, haina dawa. Lakini ngozi si tari. Fremu ndiyo tari, na ngozi huwambwa upya. Watu husema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tumeona matari katika Pwani yetu ambayo fremu zake zina umri wa vizazi vitatu, na ngozi zimebadilishwa mara zisizohesabika.

Mafunzo haya hayawahusu Waislamu peke yao. Baina ya Embu na Meru iko Chuka, na Wachuka wanajulikana kote Kenya kwa ngoma zao ndefu ambazo mchezaji huzibana baina ya mapaja huku akipiga na kucheza. Nazo ni mti na ngozi. Kwaya za makanisa zina ngoma zao na magitaa yao. Maji yakiingia mtaa mmoja huwa yameingia kwa wote, na jirani ana haki ya ujirani hata akiwa si wa dini yetu. Hilo Waislamu wa Embu hawakuhitaji kukumbushwa. Baraza lile lile lililokausha matari lilikausha pia gitaa la jirani.

Gitaa, udi, fidla na kanuni zina udhaifu wa ziada: zimeungwa kwa gundi, na katika ala za kienyeji na za zamani gundi hiyo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Maji huiyeyusha, na maungio huachana. Mwenye ala ya namna hiyo aitoe katika mfuko wake uliolowa, alegeze nyuzi bila kuzitoa zote kwa pamoja, aikaushe polepole, na kila kipande kilichobanduka akitie katika bahasha iliyoandikwa kimetoka wapi. Asiigundishe kwa gundi ya dukani. Fundi aweza kuunga kilichoachana, lakini kilichogandishwa vibaya humshinda. Mwezi wa Mei 2010 Mto Cumberland ulifurika katika mji wa Nashville, Marekani, ukajaza ghala ambalo wanamuziki wengi walihifadhi ala zao. Ala zilizopita mikononi mwa mafundi wenye subira nyingi zilirudi kulia. Na zile zilizopotea zilipotea.

Tunajua kwamba wanavyuoni wamekhitalifiana katika hukumu ya ala za muziki. Dufu lina nafasi yake inayojulikana: wasichana walilipiga katika harusi ya Bibi Rubayyi bint Muawwidh, na wengine wakalipiga siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha, na Mtume (s.a.w.) yupo. Ama zile nyingine, kila mmoja na afuate aliyemsomesha. Lakini tulisikia huko bara maneno ambayo hayafai kuachwa hivi hivi: kwamba mafuriko yameziharibu ala hizo kwa kuwa ni adhabu, na kwamba kuziokoa ni kupingana na kadari. Maji yale yale yaliingia msikitini, yakalowesha misahafu. Je, tuseme nayo ilikuwa ikiadhibiwa? Kupoteza mali kwa makusudi ni jambo lililokatazwa, na mali ya jirani yako si yako hata uihukumu. Anayemwambia mwenye msiba kwamba msiba wake ni adhabu amemwongezea gharika ya pili.

JE, YATWAHARIKA?

Akina mama wa Meru walituuliza swali moja kwa namna nyingi: vitu vilivyoingiliwa na maji ya vyoo vyatwaharika, au vyote ni vya kutupwa? Jawabu lake lina kheri nyingi kuliko wengi walivyodhani.

Kwanza, tope peke yake si najisi. Maji yaliyobadilika rangi kwa udongo ni twahara. Pili, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, maji mengi yaliyofika kullatain, ambayo hukadiriwa kuwa kama lita 200, hayanajisiki mpaka yabadilike kwa najisi rangi yake, au tamu yake, au harufu yake. Maji ya mafuriko ni mengi kuliko hayo. Kwa hivyo yasiyonuka uchafu wala kuonesha athari yake hubaki katika asili yake, nayo ni twahara. Tatu, yanaponuka maji ya choo, basi yamenajisika, na kila yalichokigusa kioshwe: uchafu wenyewe uondolewe kwanza, kisha kimiminiwe maji safi mpaka rangi, tamu na harufu viondoke. Ikibaki rangi peke yake au harufu peke yake baada ya juhudi, na kuiondoa ni shida, hiyo husamehewa. Dini hii haikuja kumtia mama wa watu katika wasiwasi wa kufua busati moja mara arubaini.

Ngozi ya tari iliyotoka kwa mbuzi aliyechinjwa ni twahara tangu asili yake. Kilichoipata ni najisi ya kuingia, na najisi ya kuingia huondoka kwa kuoshwa. Fremu na visahani ni hivyo hivyo. Tari lililooshwa namna hii lapigwa, na hata kuwekwa msikitini halina ubaya.

Ama chakula kilicholowa, hapo sheria na tabibu wanasema neno moja. Unga, sukari, tende zilizo wazi na dawa zilizoingiliwa na maji hayo zitupwe, wala isisemwe kwamba ni israfu. Magodoro ya sponji yaliyonyonya maji ya choo nayo hayaoshiki hadi ndani, yaacheni yaende.

MISAHAFU NA KARATASI

Katika chumba cha chini cha chuo kimoja huko Meru tulionyeshwa makabati mawili yaliyokuwa na juzuu, misahafu, vitabu vya Barzanji na madaftari ya majina ya wanafunzi tangu miaka ya nyuma. Waliovipokea vitabu hivyo vilipotolewa walikuwa akina mama wa mtaa. Walikaa safu mbili juu ya mikeka, wakafanya kazi kwa siku tatu, na kazi yao ilikuwa nzuri kuliko ya wengi wenye vyeti.

Hawakukifungua kwa nguvu kitabu chochote kilicholowa. Karatasi iliyolowa haina nguvu hata ya kujibeba. Walikiosha tope kikiwa kimefungwa, wakakibana kwa upole kati ya mataulo, wakakisimamisha wima, kurasa zimeachana kidogo kama kipepeo cha ukili. Kila baada ya kurasa kadhaa walitia karatasi nyeupe isiyo na maandishi, wakaibadilisha kila ilipolowa. Gazeti hawakulitumia, maana wino wake huhamia. Vitabu vya karatasi inayong'aa walivitanguliza, kwa sababu karatasi hiyo ikikauka kabla ya kuachanishwa hugandana, na haiachani tena.

Vikiwa vingi kuliko mikono iliyopo, iko hila nyingine ambayo wengi hawaijui: friza. Kitabu kilicholowa kikifungwa katika mfuko safi wa plastiki na kutiwa katika friza, ukungu husimama. Chaweza kungoja wiki, hata miezi, mpaka mtu apate nafasi ya kukikausha. Dunia ilijifunza mengi ya namna hii kwa msiba wa Florence, Italia, Novemba 1966, Mto Arno ulipofurika ukaingia katika maktaba kuu ya mji na kulowesha vitabu kwa mamia ya maelfu. Vijana walikuja kutoka nchi nyingi, wakapanga mstari wakipokezana vitabu vilivyojaa tope mkono kwa mkono. Elimu ya leo ya kuokoa vitabu ilianzia kwa sehemu kubwa katika tope lile.

Msahafu hupewa heshima yake hata katika kukaushwa: usiwekwe sakafuni, usirundikiwe kitu juu yake, na anayeushika awe na udhu. Najisi ikiupata iondolewe upesi kwa maji safi. Na ule usioweza kusomeka tena hautupwi jaani. Huzikwa mahali safi pasipokanyagwa, au huchomwa kwa heshima. Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) aliamuru kuchomwa nakala zilizokhitalifiana ili kuilinda Qurani, na wanavyuoni wakachukua dalili hapo. Ama msahafu wa mkono, wenye wino wa zamani, mpelekeeni shekhe wenu na mwenye elimu ya hifadhi kabla ya kuamua lolote.

Vyeti vya serikali ni jambo jepesi kuliko linavyoonekana. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na hati ya kifo vyote vina nakala katika rejista ya serikali. Chukueni kwanza taarifa ya kupotelewa au kuharibikiwa kutoka kituo cha polisi, kisha mwende Huduma Centre. Cheti cha ndoa ya Kiislamu kifuatiliwe kwa kadhi aliyeiandikisha ndoa hiyo. Dada zetu, msilichelewe hili. Mwanamke asiye na cheti hupata taabu siku ya mirathi, na siku hiyo haitoi taarifa kabla ya kuja.

KILICHOSOMBWA NA MAJI NI CHA NANI?

Huko juu maji huondoka kwa kasi, na vitu huondoka nayo. Tuliambiwa habari za sanduku lililookotwa shambani mbali na mji, ndani yake mna mavazi ya bibi harusi. Aliyelipata alisema Mungu amempa.

Mungu hakumpa. Maji hayahamishi milki. Kitu kilichosombwa hubaki cha mwenyewe kama kilivyokuwa rafuni kwake, na aliyekipata amepata amana. Mwenyewe akijulikana, kirejeshwe. Asipojulikana, kitangazwe; na wanavyuoni wetu wameweka mwaka mzima wa kutangaza kwa kitu chenye thamani. Misikitini, makanisani, sokoni, kwa chifu na katika makundi ya simu, pote patangazwe, na anayedai aulizwe alama za kitu chake kabla ya kukabidhiwa. Sanduku lile lilirudi kwao. Mzee wa kijiji, ambaye si Mwislamu, ndiye aliyemwambia kijana yule maneno haya haya kwa lugha ya kwao, kisha akalibeba mwenyewe hadi mjini.

KABLA YA MVUA NYINGINE

Tahadhari kabla ya athari, wahenga wametuachia. Matari na vitabu visikae sakafuni, na kama hapana budi chumba cha chini, basi juu ya rafu, kimo cha kifua au zaidi. Vyeti vitiwe katika mfuko wa plastiki unaofungika, mfuko mmoja, mahali pamoja, na kila mtu mzima wa nyumba apajue. Mtaro wa nje usafishwe kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Huko Meru na Embu mvua za vuli ni kubwa, wala si za kupuuzwa kwa kuwa masika yamepita salama. Msikiti wenye stoo uteue watu wawili, mwanamume na mwanamke, ambao kazi yao ni kujua kilichomo na nani ana ufunguo.

Na jambo la mwisho: nakili. Pigeni picha kurasa za msahafu wa babu, majina yaliyoandikwa nyuma ya Barzanji, daftari la chuo, barua za marehemu. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha moja moja na kuwekwa katika intaneti kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, ili lolote likitokea elimu ile isizame. Riyadha imefanya hivyo kwa hazina ya umma. Kila nyumba yaweza kufanya hivyo kwa hazina yake kwa simu iliyomo mfukoni. Na urekodini mpigo wa matari wa wazee wenu wangali hai. Fremu yaweza kuchongwa upya na ngozi kuwambwa upya, lakini mkono ujuao mpigo ukiondoka bila kufunza, hakuna fundi wa kuurudisha. Bibi yule wa Embu alijifunza kwa kutazama. Wajukuu wetu watamtazama nani?

Mtume (s.a.w.) mvua ilipozidi Madina hata majumba yakabomoka, hakuomba ikatike moja kwa moja. Aliomba ielekezwe pembezoni, juu ya vilima, katika mabonde na kwenye mizizi ya miti, mahali inapofaa bila kudhuru. Nasi tunaomba kama alivyotufunza: Ewe Mola wetu, iteremshe mvua juu ya mlima kwa kiasi cha rehema, iwafikie wakulima wa Embu na Meru kwa neema, na iwafikie ndugu zetu wa Tana kwa salama. Wape subira waliopoteza, warejeshee kilicho bora kuliko kilichokwenda, na utujaalie kuwa majirani wema siku ya jua na siku ya gharika.

Wabillahi tawfiq.